MWILI NI AMANA
Juu ya Wapiga Mieleka Waingiao Ulingoni Hali ya Kuwa Wameumia

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanaadamu kwa umbo lililo zuri, akampa viungo na akili, akamfanya mlinzi wa alichopewa wala hakumfanya mwenye mali. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo.

SABABU YA KUANDIKA

Ndugu zangu, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tumeketi barazani nje ya msikiti, kijana mmoja katika wale waliosoma Kurani kwangu aliniuliza swali. Alisema: "Maalim, katika televisheni twaitazama mieleka ya Wamarekani. Yuko mpiganaji mmoja aliyeingia ulingoni kifua chake kimevilia damu, na watu wote wanajua kuwa ameumia, naye akapigana mpaka mwisho. Je, huyo ni shujaa wa kusifiwa, au ni mtu aliyeidhulumu nafsi yake?" Wazee wawili watatu wakacheka, wakasema kuwa mchezo wa uongo hauna haja ya fatwa. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lile lilinigusa penye kidonda changu mwenyewe.

Mwaka mmoja kabla ya usiku huo, mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa miaka 11, alianguka pwani akicheza mieleka na wenziwe kwa kuiga waliyoyaona. Akaumia kifundo cha mkono wa kulia. Hakumwambia mtu, kwani wenziwe walimwambia kuwa mwanamume halii, na kuwa mabingwa hupigana hata wakivunjika. Asubuhi yake akaja chuoni, akaketi na ubao wake, akawa aandika huku jasho lamtoka. Nikamwuliza ana nini. Akasema si kitu, mkono wamuuma kidogo. Nami nikamsimamisha mbele ya wenziwe nikamsifu kwa subira yake. Siku ya nne mama yake akauona uvimbe, akampeleka hospitali, ikadhihiri kuwa mfupa umepasuka na umeanza kuunga upande. Mkono ule hata leo haukunjiki sawasawa. Kila nimwonapo ashika kalamu hukumbuka kwamba mwenye kosa kubwa si mwenziwe aliyemwangusha, wala si wale wa televisheni. Ni mimi, niliyeliita jeraha lake kwa jina la subira, nikamfanya aone haya kusema kweli.

Basi kwa ajili ya swali la kijana yule, na kwa ajili ya kosa langu, nimeandika kurasa hizi chache. Anayetaka kucheka na acheke, lakini na asome kwanza.

MIELEKA HII NI KITU GANI

Mieleka ni mchezo wa kale, na asili yake si haramu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mieleka na Rukana, mtu aliyekuwa na nguvu nyingi katika Makureshi, akamwangusha, khabari hii imo katika Abu Daud na Tirmidhi, ijapokuwa maulamaa wana maneno juu ya sanadi yake. Na wanazuoni wa madhehebu yetu wameitaja mieleka katika mlango wa mashindano, wakakhitalifiana juu ya kuiwekea zawadi ya mali, na kauli iliyo sahihi zaidi kwa Imam Nawawi ni kuwa haifai. Mas'ala hayo, na mas'ala ya kusitiri utupu, hatutayazungumza hapa, kwani kila neno lina mahali pake.

Walakini mieleka ya biashara ioneshwayo Marekani na Japani si mashindano kwa hakika yake. Mshindi huamuliwa kabla ya siku ya mchezo, na wapiganaji wawili huwa wamekwisha kupatana. Hawashindani, bali wasaidiana: arukaye hudakwa, aangukaye amefundishwa namna ya kuanguka, na kila mmoja hutia shingo yake katika mikono ya mwenziwe. Kwa hiyo watu wengi husema ni uongo mtupu. Hayo ni makosa. Kilichotungwa ni kisa. Ama mbao za ulingo ni mbao, na chuma ni chuma, na mtu mwenye uzito wa kilo 100 aangukapo huanguka na kilo zake zote. Wazee wetu walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na katika kazi hii usaha umetunga mara nyingi.

KHABARI ZA WALIOPIGANA NA MAJERAHA

Nitataja wachache tu, katika wale ambao khabari zao zajulikana na watu wote wafuatao mambo haya.

Tarehe 3 Agosti 1997, katika mji wa East Rutherford huko New Jersey, Marekani, Steve Austin alikuwa akipigana na Owen Hart. Hart alimpindua kichwa chini miguu juu akaketi naye, na kichwa cha Austin kikagonga ubao. Shingo ikaumia, mikono na miguu ikafa ganzi, akalala asiweze kujikongoja. Sasa tazama, ndugu yangu, yaliyofuata. Ilikuwa imekwisha kupatanwa kuwa Austin ndiye atakayeshinda. Hart akazunguka ulingoni akiwakebehi watazamaji ili mwenziwe apate nafasi ya kurudiwa na nguvu. Kisha Austin akatambaa kwa shida, akamvuta Hart kwa mikono isiyo na nguvu, na Hart akajilaza ashindwe. Hivyo ndivyo mchezo ulivyokwisha kama ulivyoandikwa. Austin akaja kupasuliwa shingo mwaka 2000, na mwaka 2003 akaiacha kazi hiyo, asirudi kupigana ila mara moja katika mwaka 2022.

Tarehe 21 Mei 2001, mpiganaji aitwaye Triple H alikatika msuli wa paja la kushoto katikati ya mchezo. Hakutoka. Aliendelea, hata akakubali kukunjwa miguu ile ile, kwa kuwa ndivyo ilivyopangwa. Ilimchukua miezi kama minane kabla ya kurudi kazini.

Tarehe 13 Juni 2009, katika mji wa Hiroshima, Japani, alikufa Mitsuharu Misawa, mtu wa miaka 46, katika wapiganaji wakubwa kabisa wa nchi ile. Shingo yake ilikuwa imechoka kwa mapigo ya miaka mingi, naye akaendelea. Usiku ule akainuliwa na kuangushwa kwa nyuma, kama alivyokuwa ameangushwa mara nyingi kabla yake, asiinuke tena. Na Misawa hakuwa mtumwa wa mtu: kampuni iliyokuwa ikionesha mchezo ule aliianzisha mwenyewe mwaka 2000, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wake. Hapakuwa na bwana juu yake wa kumlazimisha, na hapakuwa na mtu juu yake wa kumzuia.

Ama yule aliyeulizwa na kijana wetu ni Cody Rhodes. Alikuwa ameumia msuli wa kifua upande wa kulia, kisha alipokuwa akinyanyua vyuma kwa mazoezi ukakatika kabisa kwenye mfupa. Tarehe 5 Juni 2022, huko Rosemont karibu na Chicago, akaingia ulingoni. Alipovua koti, watu wakaona kifua na mkono vimegeuka rangi ya zambarau. Akapigana kwa dakika zaidi ya 20, akashinda. Siku chache baadaye akapasuliwa, asirudi mpaka Januari 2023. Watu wengi husema kuwa usiku ule ndio uliomfanya apendwe.

HUKUMU KATIKA ASILI YAKE

Jueni ya kwamba mwili si milki ya mtu afanye nao atakalo. Mwenyezi Mungu amekataza katika Surat al-Baqara watu kujitia kwa mikono yao wenyewe katika maangamizo, na Mtume (S.A.W.) alimfahamisha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akijichosha kwa saumu na kisimamo cha usiku, kuwa mwili wake una haki juu yake. Tazama vema: Abdullah hakuwa akijichosha kwa mchezo, bali kwa ibada. Ikiwa ibada yenyewe haina idhini ya kuula mwili, mchezo utaipata wapi?

Na wanazuoni wetu wa Kishafii wametuwekea mizani iliyo wazi katika mlango wa tayammamu. Mgonjwa akikhofu kuwa maji yatampotezea manufaa ya kiungo, au yatachelewesha kupona kwake, au yataacha kovu baya katika kiungo kionekanacho, huyo huyaacha maji akatayammamu. Na khofu hiyo hutegemea elimu yake, au neno la tabibu mwadilifu. Basi ikiwa sheria yamwondolea mtu maji ya udhu, nayo ni sharti la sala, kwa sababu ya khofu ya kuchelewa kupona tu, atasemaje mtu kuwa yafaa kuuchukua msuli uliokatika kwenda kuangushwa juu ya mbao kwa ajili ya tiketi?

Na iko khabari iliyo karibu zaidi na mas'ala yetu. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Jabir kwamba watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha akaamka na janaba, akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayammamu. Wakamwambia hawamwoni kuwa na rukhsa hali ya kuwa aweza kutumia maji. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwakasirikia kwa ukali, akawafanya wao ndio waliomuua, akafahamisha kuwa yawapasa kuuliza walipokuwa hawajui. Ndugu yangu, wale hawakumpiga jiwe. Hawakumshika kwa nguvu wakamtia majini. Walisema neno tu, naye akaenda kwa miguu yake. Pamoja na hayo walibebeshwa kifo chake. Hadithi hii yawahusu wote wasimamao nyuma ya aliyeumia na kumwambia: "Wewe unaweza."

HOJA YA KWANZA: USHUJAA WA WALIOTANGULIA

Mtu aweza kusema: "Mbona masahaba walipigana na majeraha? Siku ya pili baada ya vita vya Uhud, katika mwaka wa tatu wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwaita watoke kumfuata adui mpaka Hamra al-Asad, wakatoka na vidonda vyao, na Mwenyezi Mungu akawasifu. Basi kwa nini mwamlaumu mpiga mieleka kwa jambo walilosifiwa wao?"

Jawabu yake ndiyo shina la kurasa hizi zote, basi isikilizwe vizuri. Masahaba walitoka na majeraha kwa sababu adui alikuwa adui wa kweli, na lau wasingalitoka angaliweza kurudi Madina juu ya wake zao na watoto wao. Hiyo ni dharura, na dharura hufungua milango iliyofungwa. Wala jambo lile halikuwa katika khiyari yao, adui hawezi kuambiwa: "Ngoja, mwenzetu apone kwanza."

Ama mieleka hii, mshindi wake huandikwa kwa kalamu. Aliyeandika kuwa fulani atapigana usiku huu aweza kuandika kuwa hatapigana. Aliyeandika dakika 20 aweza kuandika dakika mbili. Austin alipolala asiweze kuinua mkono, lililokuwa likingojwa halikuwa adui kuondoka. Lilikuwa ni kisa kutimizwa, na kisa kile kilikuwa mikononi mwa watu wale wale. Mwamuzi angaliweza kuukatisha mchezo pale pale, wala hapana mji ambao ungalitekwa. Ni ajabu kubwa kwamba katika mchezo ambao kila kitu chaweza kubadilishwa, kitu kimoja tu kilionekana hakibadiliki, nacho ni hadithi. Na shingo ya mtu ndiyo iliyobadilishwa ili hadithi ibaki.

Twasema basi: mpiganaji wa mashindano ya kweli akiwa ameumia huenda akapata udhuru kidogo, kwa kuwa akitoka hushindwa, na taabu ya miaka yake hupotea. Mpiga mieleka wa biashara hana hata udhuru huo. Kwake hapana kushinda wala kushindwa ila kwa maafikiano. Kwa hiyo kule kusema "ni mchezo tu" hakupunguzi kosa, bali kwalizidisha. Kwani kadiri jambo linavyokuwa mchezo, ndivyo dharura inavyokuwa mbali nalo.

HOJA YA PILI: AMERIDHIA MWENYEWE

Watasema wengine: "Huyu ni mtu mzima mwenye akili, ameridhia. Aliyeridhia hana madai."

Neno hili lina nusu ya kweli. Katika vitabu vyetu imetajwa kuwa mtu akimwambia mwenziwe "nikate mkono wangu," naye akamkata, hapana kisasi wala diya, kwa sababu mwenye haki ameiangusha haki yake. Lakini hapana mwanazuoni aliyesema kuwa mkataji yule hana dhambi. Ridhaa huondoa fidia, haiondoi dhambi. Kwa sababu katika mwili kuna haki mbili, haki ya mja na haki ya Mola wake, na mja hana uwezo wa kusamehe isiyo yake. Makadhi na mahakimu huhukumu katika ile ya kwanza. Kampuni ikishinda mahakamani kwa kuonesha mkataba uliotiwa sahihi, imeshinda katika nusu moja tu ya kesi. Nusu nyingine haijasikilizwa bado.

Tena ridhaa yenyewe yataka kupimwa. Katika mikataba ya kazi hii huko Marekani, wapiganaji huhesabiwa si waajiriwa bali watu wa kujitegemea, wala hawana chama cha kuwasemea. Kijana aliyepata nafasi baada ya miaka ya kulala ndani ya magari ajua kuwa wako mamia wanaoingoja nafasi yake. Akiulizwa: "Waweza?" hasikii swali hilo, asikia: "Wataka tumpe mwingine?" Ridhaa ya namna hii ni kama ya mdaiwa auzaye shamba lake kwa bei ya mnunuzi. Mauzo yatapita, lakini mwungwana hajivunii kununua hivyo.

HOJA YA TATU: RIZIKI

Na hoja iliyo na nguvu kuliko zote ni ya riziki. Mtu ana mke na watoto, na mikono yake haijui kazi nyingine. Akikaa nyumbani miezi saba, watakula nini? Sisi wa pwani hatuna haki ya kumcheka mwenye hoja hii. Twawajua wachukuzi wa bandarini wanaobeba magunia na migongo yao imeharibika, na wavuvi waingiao baharini na homa. Hatujamwambia hata mmoja wao kuwa ni mwenye dhambi, na kama tungalimwambia angalituuliza: "Je, wewe utanilishia watoto?" wala tusingalikuwa na jibu.

Twasema: haja ya kweli humpunguzia mwenye nayo lawama; lakini lawama ile haipotei hewani, bali huhamia kwa yule aliyeifanya haja iwepo hali ya kuwa aweza kuiondoa. Mtume (S.A.W.) amekataza kuwakalifisha watumishi wasiyoyaweza, na akaamrisha kuwa wakikalifishwa wasaidiwe. Msaada wa aliyeumia ni kulipwa akiwa amelala, na kuhifadhiwa nafasi yake mpaka apone. Mwenye mali akifanya hivyo, kisha mtu akaingia ulingoni kwa kutaka sifa, dhambi ni ya mtu yule. Asipofanya hivyo, na mtu akaingia kwa khofu ya njaa, basi mwenye mali amejitwika mzigo ulio mzito kuliko magunia ya bandarini.

ALIYEUMIA KICHWA HAULIZWI

Ziko aina mbili za majeraha, wala hazifai kuchanganywa. La kwanza ni lile la mkono au mguu, ambalo mwenye nalo ana akili zake na aweza kulipima. La pili ni la kichwa. Hilo ni baya zaidi kwa sababu kilichoumia ndicho kile kile apimiacho. Kumwuliza mtu aliyetikiswa ubongo kama aweza kuendelea ni kama kumwuliza mlevi kama amelewa.

Chris Nowinski, msomi wa Harvard aliyekuwa mpiga mieleka, alipigwa kichwani mwaka 2003. Akawa na maumivu na kusahau, akayaficha wiki kadhaa huku akiendelea kupigana, mpaka hali yake ikamshinda. Huyo alikuwa mtu wa elimu, naye hakujua. Baadaye, mwaka 2007, aliungana na daktari Robert Cantu wakaanzisha taasisi ya kuchunguza madhara ya mapigo ya kichwa. Mwaka huo huo mpiganaji Chris Benoit alimuua mkewe na mwanawe mdogo kisha akajiua, na madaktari walipouchunguza ubongo wake wakauona umeharibika vibaya kwa mapigo ya miaka mingi. Hatusemi kuwa jeraha ndilo lililoua, wala hatumwondolei mtu hesabu yake kwa Mola. Lakini twasema kuwa yule adhaniye kichwa chake ni chake peke yake na afikiri juu ya walio nyumbani mwake.

Kwa hiyo katika jeraha la kichwa na la shingo haisikilizwi kauli ya mwenye jeraha, wala ya mwenye mchezo. Husikilizwa tabibu asiyefaidika kwa kusema "ndiyo". Na hayo yawezekana. Daniel Bryan alipotaka kurudi ulingoni, madaktari wa kampuni yake walimkataza, ijapokuwa wengine wa nje walimruhusu, naye Februari 2016 akatangaza kustaafu huku alia. Mwaka 2018 akaruhusiwa baada ya kuchunguzwa tena. Kampuni haikufilisika kwa kukaa kwake nje, na yeye alirudi na akili zake. Tangu mwaka 2010 pia kampuni ile ya WWE imekataza kupigana viti vya kichwa. Mwenye kufanya jema asifiwe kwalo, ijapokuwa limechelewa.

HAKI YA MWENZIWE

Na wako wasemao: "Basi mwacheni, ajiumize yeye mwenyewe." Lakini katika mieleka hii hapana ajiumizaye peke yake. Tumekwisha kusema kuwa kila mmoja ameitia shingo yake katika mikono ya mwenziwe. Mikono ikiwa dhaifu, shingo ya nani itavunjika?

Hayo yalionekana katika nchi ya Kiislamu. Tangu mwaka 2018 kampuni hiyo huonesha michezo yake Jeddah na Riyadh. Tarehe 7 Juni 2019, huko Jeddah, walikutana Goldberg, mtu wa miaka 52, na The Undertaker wa miaka 54. Goldberg alijigonga kichwa kwenye nguzo ya ulingo, damu ikamtoka, naye akaendelea. Kisha akamwinua mwenziwe kichwa chini, na nguvu za kumshika sawasawa hakuwa nazo. The Undertaker akashuka kwa kichwa na shingo. Mwenyezi Mungu alimsalimisha, hakuvunjika. Lau angalivunjika, tungaliuita ule ushujaa wa nani? Kanuni ya sheria ni kuwa hapana kujidhuru wala kudhuruana, na huyu angalikuwa amekusanya yote mawili katika tendo moja. Dereva mwenye usingizi hasifiwi kwa kuuvumilia usingizi wake, hali ya kuwa gari limejaa watu.

NA SISI TUTAZAMAO

Imebaki sehemu yetu, nayo ndiyo twaipenda kidogo. Kifua kile cha zambarau kilipoonekana, watu walipiga kelele za kushangaa, kisha wakapiga makofi, na makofi yale ndiyo yaliyofanya bei ya jeraha. Lau watu wangalinyamaza, au wangalidai mtu yule atolewe, mwaka wa pili yake kusingalikuwa na wa kumwiga. Sisi tulio mbali, tunaotazama mikahawani hapa kwetu, twadhani hatumo katika hesabu. Lakini biashara hii yajua idadi ya macho, na macho yetu yamo.

Tena kuna khasara ya moyo. Katika mchezo huu jeraha la kuigiza na jeraha la kweli huvaa nguo moja. Tarehe 23 Mei 1999, huko Kansas City, yule Owen Hart tuliyemtaja alikuwa akishushwa kwa kamba kutoka darini. Kamba ikafunguka, akaanguka akafa. Wengi waliokuwamo ukumbini hawakujua kama ni kweli au ni sehemu ya mchezo, hata mtangazaji ikambidi awahakikishie waliokuwa wakitazama nyumbani kuwa lile si igizo. Na mchezo ukaendelea usiku ule ule, katika ulingo ule ule. Jicho lililozoea kuliona jeraha na kusema "waigiza tu" litakuja siku moja kumwona jirani ameanguka njiani, nalo litasema neno lile lile. Nami ni shahidi, kwani niliuona mkono wa mtoto wavimba mbele ya macho yangu nikaona subira.

KHATIMA

Basi jawabu ya swali la kijana wetu, kwa kadiri ya elimu yetu ndogo, ni hii. Jeraha dogo ambalo tabibu mwadilifu hakhofii kuzidi kwake, hapana dhambi kulifanyia kazi. Jeraha ambalo hukhofiwa kuwa litachelewa kupona, au litapoteza manufaa ya kiungo, haifai kuingia nalo ulingoni, na mwenye kumtia mtu ulingoni nalo ana dhambi zaidi ya aingiaye, kwa kuwa yeye aweza kuibadilisha hadithi kwa kalamu. Jeraha la kichwa na la shingo, mwenye nalo haulizwi, huzuiwa. Na mtazamaji asifurahie asilolipenda kwa mwanawe.

Ama kuwa yule wa kifua cha zambarau ana moyo mkubwa, hatukatai. Ana moyo mkubwa. Lakini subira ni kulipokea lililokufika ambalo huna njia ya kuliondoa. Kulipeleka jeraha sokoni si subira, ijapokuwa mtu hakulia. Na moyo mkubwa ni neema, na kila neema ina suali lake Siku ya Kiyama: imetumiwa katika nini?

Baada ya mazungumzo yale ya baraza nilimwita mtoto yule chuoni, mbele ya wenziwe wale wale niliomsifia mbele yao, nikamwomba radhi. Nikawaambia kuwa siku ile nilikosea, na kwamba aliyepaswa kusifiwa ni yule ambaye angalisema: "Maalim, nimeumia." Mtoto aliinamisha kichwa, hakusema neno. Tangu siku hiyo, chuoni kwetu asemaye kuwa ameumia hachekwi, na ubao wake huwekwa kando mpaka atazamwe. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililokuwa katika uwezo wangu, na kila mmoja wetu ana mahali pake pa kuanzia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuitunze amana yake katika miili yetu na miili ya walio chini ya mikono yetu, na atusamehe tulipowasifu watu kwa jambo lililowaangamiza. Wallahu aalam.